Gesi Inatoka, Mkongo Unapita: Kweli na Uongo Kuhusu Intaneti Songo Songo

Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, ikakaa ardhini miaka 30 ikisubiri mnunuzi. Tangu Julai 2004 inasafiri kwa bomba la kilomita 25 hivi chini ya bahari hadi Somanga Funga, kisha kilomita 207 nchi kavu hadi Ubungo, Dar es Salaam, ambako imezalisha umeme na kuchoma saruji ya Wazo Hill. Mwaka 2015 serikali ikakamilisha bomba la pili, la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, na kiwanda kingine cha kusafisha gesi kikajengwa hapo hapo kisiwani. Ni miongoni mwa mahali pachache Tanzania ambapo mitambo ya mabilioni imekaa jirani namna hii na kijiji cha wavuvi wa pweza.

Ndiyo maana kisiwa hiki ni mahali pazuri pa kupimia yale tunayoambiana kuhusu intaneti: kwamba imefika, kwamba inakuja, kwamba wenyeji hawaihitaji, kwamba setilaiti itamaliza kila kitu. Tumeyachukua madai kumi na kuyapima moja moja. Na kwa msomaji wa mbali, tusichanganye visiwa. Songo Mnara yenye magofu, iliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na Kilwa Kisiwani tangu 1981, iko kusini. Songo Songo ya gesi iko kaskazini yake.

Dai la 1: Kisiwa kinachotoa gesi hakiwezi kukosa intaneti nzuri.

SI KWELI.

Mali inayotoka mahali haileti huduma mahali hapo kwa nguvu zake yenyewe. Bomba la gesi lina mawasiliano yake, kwa sababu vali na mitambo ya kupima mgandamizo lazima isomwe na kuongozwa kutoka mbali. Lakini mawasiliano hayo ni ya mitambo. Ili yafike sebuleni kwa mtu anahitajika mtoa huduma mwenye leseni, vifaa vya kugawa, mtu wa kutengeneza vinapoharibika, na wateja wa kutosha kurudisha gharama.

Tazama umeme. Vijiji vilivyo kwenye njia ya bomba la kwanza havikuahidiwa umeme kwa sababu gesi ilipita chini ya miguu yao. Mpango wa kuvipa umeme uliandikwa kama sehemu ya mradi ule uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ukawekewa fungu lake na msimamizi wake. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Intaneti nayo haitaelea Songo Songo mpaka mtu aiunde, na mtu huyo awe ametajwa kwenye karatasi.

Dai la 2: Intaneti inatoka angani, kwa hiyo kisiwa na jiji ni mamoja.

SI KWELI.

Zaidi ya asilimia 95 ya data inayovuka bahari duniani hupita kwenye nyuzi za kioo zilizolazwa sakafuni mwa bahari. Tanzania ilipata mkongo wake wa kwanza wa aina hiyo Julai 2009, SEACOM ilipotua Dar es Salaam. EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, na wanaokumbuka vibanda vya intaneti vya miaka ile wanakumbuka pia jinsi picha moja ilivyofunguka vipande vipande huku dakika za kulipia zikiyoyoma.

Sasa fuata njia ya mikongo hiyo kwenye ramani. Ikitoka Dar es Salaam inaelekea kusini, Msumbiji na Afrika Kusini, ikipita mbele ya pwani ya Lindi na Mtwara bila kutua popote. Hili si jambo la jana. Mwaka 1879 kampuni ya simu za maandishi ya Waingereza ililaza waya kutoka Aden hadi Zanzibar, kisha Msumbiji na Durban. Waya ule nao ulipita mbele ya Kilwa ukaenda zake.

Mtu anaweza kuuliza: kama unapita hapo mbele, kwa nini tusiuchomoe kidogo? Haiwezekani. Mkongo wa baharini hufunguka tu kwenye kituo chake cha kutua. Ndani yake mna mwanga unaokuzwa kila baada ya makumi ya kilomita na vikuza-mwanga vinavyopewa umeme kutoka nchi kavu. Kuutoboa katikati ni kuukata. Kwa hiyo data ya Songo Songo hutua kwanza Dar es Salaam, kisha hurudi kusini kwa njia ya nchi kavu. Kazi hiyo hufanywa na nyuzi za kampuni za simu na za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009 kwa mkopo kutoka China na unaosimamiwa na TTCL.

Dai la 3: Mnara ukishasimama, kazi imekwisha.

SI KWELI, na hapa ndipo wengi tunapopotea.

Tarehe 13 Mei 2023, Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alishuhudia kutiwa saini kwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Fedha zilipitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ambao kazi yake ni kulipa ruzuku pale ambapo kampuni za simu haziendi kwa sababu hazioni faida. Mkoa wa Lindi ni mfano wa mahali pa namna hiyo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,194,028 kwenye eneo la takriban kilomita za mraba 66,000, yaani watu 18 hivi kwa kila kilomita moja ya mraba. Mnara wa Kariakoo na mnara wa Kilwa vijijini inaweza kulingana gharama ya kujenga. Wateja wao hawalingani hata kidogo.

Minara hiyo inahitajika, na aliyewahi kupanda kichuguu kutafuta mtandao hahitaji kuelezwa. Lakini kuna mambo matatu ambayo mnara peke yake hauyamalizi.

La kwanza ni njia ya kuufikia. Mnara ni kituo cha kupokea na kugawa, na lazima uunganishwe na mtandao mkubwa. Kisiwa kisicho na mkongo wake hutegemea mawimbi ya maikrowevu, dishi kwa dishi, juu ya maji. Bahari huakisi mawimbi hayo. Wimbi lililokuja moja kwa moja na lililogonga maji likaruka hukutana kwenye dishi, na yakipishana vibaya hudhoofishana. Maji yakijaa na kupwa, njia ya lile la pili hurefuka na kufupika. Hewa yenye joto na unyevu juu ya bahari nayo huyapinda. Wahandisi hulikabili tatizo hili kwa kufunga madishi mawili kwenye mnara mmoja kwa vimo tofauti, ili moja likizidiwa jingine lishike. Kwa hiyo mtu wa kisiwani anayesema mtandao wake hubadilika na hali ya bahari asichekwe. Kuna fizikia nyuma yake.

La pili ni uwezo. Mnara hugawa kiasi kimoja cha data kwa wote walio chini yake. Jioni, watu wamerudi kutoka baharini na simu zote zimewashwa, kila mmoja anapata kipande chembamba. Kwenye ramani eneo lina rangi ya kijani, lakini kijani hakisemi kama unaweza kufungua fomu ya kurasa kumi.

La tatu, na ndilo kubwa, ni kwamba wengi walio chini ya mnara hawatumii intaneti kabisa. Kwa takwimu za GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, za mwaka 2023, asilimia 13 ya watu wa Afrika Kusini mwa Sahara waliishi mahali pasipofikiwa na intaneti ya simu. Waliofikiwa lakini hawakuitumia walikuwa asilimia 60. Waliotumia ni asilimia 27 tu. Maana yake, kwa kila mtu mmoja anayekosa mnara kuna zaidi ya wanne wenye mnara wasioutumia. Ukijenga minara yote iliyobaki, hao wanne watabaki pale pale. Madai yanayofuata yanaeleza kwa nini.

Dai la 4: Kijiji kinachotuma pesa kwa simu kimeshafikiwa na intaneti.

SI KWELI.

Nyota 150 nyota 00 reli, namba ya menyu ya M-Pesa, haihitaji intaneti. Menyu zile hupita kwenye njia ya mawimbi ya kawaida ya simu, yale yale yanayobeba sauti na ujumbe mfupi. Ndiyo sababu kiswaswadu cha tochi kinatuma na kupokea pesa bila shida tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008. Mafanikio hayo ni makubwa, ila hayathibitishi intaneti. Yanathibitisha kwamba huduma iliyobuniwa kwa simu ambayo watu wanayo tayari huenea bila kusukumwa. Wanaobuni mifumo ya serikali wangefanya vizuri kulikumbuka hilo kabla ya kudai kila kitu kifanyike kwa simu janja.

Dai la 5: Laini za simu Tanzania ni nyingi kuliko watu, kwa hiyo kila mtu ameunganishwa.

HESABU NI KWELI, HITIMISHO SI KWELI.

Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zilionyesha laini zaidi ya milioni 86 mwishoni mwa mwaka 2024, na laini zinazotumia intaneti karibu milioni 48. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Lakini laini si mtu. Mchuuzi wa samaki wa Kilwa Kivinje anaweza kuwa na laini tatu: moja inayoshika vizuri kijijini kwake, moja ya pesa ambayo wateja wake wanaijua, moja ya bando la bei nafuu. Yeye ni mtu mmoja anayehesabiwa mara tatu. Bibi yake, anayepokea simu kwenye kitochi cha mjukuu, hahesabiwi hata mara moja.

Tena usajili wenyewe una mlango. Tangu usajili kwa alama za vidole uwe wa lazima na laini zisizosajiliwa zianze kuzimwa Januari 2020, kupata laini kwa jina lako kunategemea namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA. Asiyekuwa nayo hutumia laini ya mwenzake, na takwimu humwona mwenzake.

Hesabu inayofaa kwa kisiwa ni ya nyumba. Katika nyumba mia, ni ngapi zina mtu anayeweza kufungua ukurasa leo usiku akausoma mpaka mwisho? Idadi ya laini haijibu swali hilo.

Dai la 6: Kinachozuia watu ni bei ya bando tu.

NUSU KWELI.

Kwa wastani, bando la Tanzania si ghali ukililinganisha na la majirani wengi. Ripoti za TCRA zimekuwa zikionyesha wastani wa shilingi 2 na ushee kwa MB ndani ya kifurushi, sawa na shilingi 2,000 na kidogo kwa GB. Kipimo cha Umoja wa Mataifa kinataka bei ya kuanzia ya intaneti isizidi asilimia 2 ya pato la wastani la mtu kwa mwezi. Kwa pato la wastani la Mtanzania, asilimia hiyo ni kama shilingi 5,000. Kwa kipimo hicho, GB moja imepita.

Tatizo la wastani ni kwamba linamweka mkazi wa Masaki na mwokota pweza wa Songo Songo kwenye kapu moja. Kipato cha mwambani hakiji kwa mwezi. Kinakuja na bamvua, maji yanapokupwa mbali na miamba ikaonekana. Siku za maji mafu mfuko nao unakauka. Mtu wa namna hiyo hanunui cha mwezi hata kama kwa hesabu ni rahisi. Ananunua cha saa, cha siku, au anaweka vocha tu.

Na vocha bila kifurushi ndiyo mtego wenyewe. Nje ya kifurushi, ripoti hizo hizo zimeonyesha takriban shilingi 9 kwa MB. Shilingi 500 ndani ya kifurushi cha wastani ni kama MB 250. Nje yake ni kama MB 55. Asiyejua kujiunga, au aliyeishiwa bando katikati ya ukurasa huku simu ikiendelea kunyonya salio, analipa zaidi ya mara nne kwa kitu kile kile.

Halafu kuna simu yenyewe. Bajeti ya 2021/22 iliondoa VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu ili watu wengi wazimudu. Mwaka mmoja baadaye msamaha huo ulifutwa, kwa maelezo kwamba bei kwa mlaji haikushuka kama ilivyotarajiwa. Lilikuwa jaribio lenye funzo: unafuu unaotolewa bandarini unaweza kuliwa njiani kabla haujafika dukani Nangurukuru.

Mwisho kuna ujuzi na lugha. Wikipedia ya Kiswahili ina makala zaidi ya 80,000, ya Kiingereza ina zaidi ya milioni sita. Anayesoma Kiswahili tu huingia kwenye maktaba ambayo rafu nyingi zimefungwa. Si ajabu akaishia kwenye video na ujumbe wa sauti. Huko angalau anasikia na kusikika.

Dai la 7: Simu ya mfukoni inatosha, intaneti ya nyumbani ni anasa.

NUSU KWELI.

Kwa salamu, bei ya pweza, utabiri wa bahari kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa na picha za harusi, simu inatosha. Lakini chukua mwanafunzi anayefuatilia somo la video. Saa moja ya video ya kiwango cha kawaida hula karibu GB moja. Kwa siku ishirini za masomo ni GB ishirini, yaani shilingi 40,000 na zaidi kwa mtoto mmoja kwa somo moja kwa siku. Hapo bando linalouzwa kwa MB linageuka adhabu ya kujifunza. Intaneti ya nyumbani isiyopimwa kwa MB hugawanya gharama moja kwa watu wote wa nyumba, na hakuna anayemwambia mwenzake azime.

Chukua pia mhitimu wa kidato cha sita. Matokeo yake yako kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA. Mkopo wa elimu ya juu anauomba kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo, HESLB. Kazi ya serikali inaombwa kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Kila kimoja kinataka fomu, viambatisho vilivyoskaniwa, namba ya malipo na tarehe ya mwisho. Kwa wa mjini hiyo ni kazi ya jioni moja. Wa kisiwani, mtandao ukigoma, analipa nauli ya boti hadi nchi kavu, analala kwa ndugu, analipa steshenari ya kuskani na kutuma. Gharama hiyo haionekani kwenye takwimu yoyote ya bei ya data, lakini ndiyo bei halisi ya kukosa intaneti nyumbani.

Lipo na suala la nani anashika simu. Kwa takwimu za GSMA za 2023, mwanamke wa Afrika Kusini mwa Sahara alikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 32 wa kutumia intaneti ya simu kuliko mwanamume. Nyumba yenye simu janja moja, na simu hiyo ikashinda baharini na mwenyewe, kwa takwimu ni nyumba iliyounganishwa. Kwa mama na watoto waliobaki, mpaka jioni haijaunganishwa.

Dai la 8: Watu wa visiwani hawana haja na intaneti.

SI KWELI.

Siku chache kabla ya tarehe 4 Mei 2024, haja ilikuwa moja tu: kujua Kimbunga Hidaya kiko wapi. Mafia na Kilwa zilikuwa njiani mwake. Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa zilitoka mara kwa mara, na mvuvi aliyezipata mapema alivuta chombo chake juu. Baada ya kimbunga, mafuriko yalikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi maeneo ya Somanga. Kusini ikabaki haina njia ya moja kwa moja ya gari hadi Dar es Salaam. Mahali barabara inapokatika, taarifa ndiyo njia pekee iliyobaki. Haja haijawahi kukosekana.

Dai la 9: Intaneti ikikatika, ni samaki au mkongo wa baharini.

MARA NYINGINE.

Samaki waachwe. Papa wamelaumiwa sana, lakini mchango wao kwenye hitilafu za mikongo duniani ni mdogo mno. Kubwa ni nanga na nyavu za meli za uvuvi, zinazosababisha sehemu kubwa ya hitilafu kati ya 150 na 200 zinazotokea kila mwaka. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, wiki moja tu baada ya Hidaya, EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa pamoja upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku ile Msasani na Songo Songo zilikuwa sawasawa, zote zinasubiri.

Lakini si kila kukatika kunaanzia baharini. Siku ya uchaguzi mkuu, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimika nchi nzima na ikakaa hivyo siku kadhaa, na chanzo hakikuwa nanga wala samaki. Na kwa kijiji cha mbali sababu ya kawaida ni ndogo zaidi: betri za mnara zimechoka, umeme umekatika, fundi hajapata boti. Hitilafu ya mkongo hutangazwa na waziri. Ya betri hujulikana na wanaoishi chini ya mnara tu.

Dai la 10: Starlink, intaneti ya setilaiti, ikiruhusiwa, habari imekwisha.

NUSU KWELI.

Teknolojia yenyewe si porojo. Setilaiti hizi huzunguka karibu na dunia, kilomita 550 hivi, tofauti na zile za zamani za kilomita 36,000, kwa hiyo mawimbi hayachelewi. Dishi halijali kama uko kisiwani au mjini. Msumbiji ilipata huduma hiyo Juni 2023, Kenya Julai mwaka huo huo. Tanzania, mwaka 2025 ulipoanza, ilikuwa haijatoa leseni.

Angalia hesabu ya Kenya. Mwaka 2024 seti ya vifaa iliuzwa shilingi 45,500 za Kenya, karibu laki tisa za kwetu. Kifurushi kidogo cha GB 50 kilikuwa shilingi 1,300 za Kenya kwa mwezi, kama 26,000 za Tanzania. Kwa kila GB, hiyo ni bei nzuri kuliko bando la simu. Kwa kianzio, ni laki tisa ambazo nyumba nyingi za wavuvi hazijawahi kuziona pamoja. Kwa hiyo aliye na uwezo atapata zaidi, na asiye nao atabaki kuomba, "Niwashie hotispoti."

Hesabu hubadilika kifaa kimoja kikiwa cha watu wengi. Dishi la shule, la zahanati au la ofisi ya kijiji, likigawa waifai kwa wanaokaa karibu, linagawanya laki tisa kwa nyumba mia. Hilo si wazo la kubuni. Kondoa, mkoani Dodoma, ulianzishwa mtandao wa jamii kwa msaada wa Internet Society, ukitumia masafa ya televisheni yaliyokuwa hayatumiki. Kinachohitajika zaidi ya dishi ni kanuni za matumizi, mtu wa kukusanya mchango, na fundi anayeishi kisiwani.

Baada ya kupima

Mengi ya madai haya kumi yana kasoro moja inayofanana: yanahesabu kilichofika eneo na kuacha kuhesabu kilichofika ndani ya nyumba. Mkongo umefika nchini, mnara umefika katani, laini imefika mfukoni. Kipande cha mwisho, kati ya mnara na mtoto mwenye fomu ya mkopo, hakina mwenyewe. Na kitu kisicho na mwenyewe hakiingii kwenye bajeti ya mtu.

Umeme wa vijiji vya bomba ulionyesha jinsi kipande cha mwisho kinavyopata mwenyewe: kinaandikwa mapema, wakati mwenye mradi bado anahitaji saini. Leseni ya kuzalisha gesi Songo Songo ilitolewa mwaka 2001 kwa miaka 25, na muda wake ulipangwa kwisha Oktoba 2026. Mazungumzo ya kuongeza muda wa leseni hujaa futi za ujazo, hisa na mrabaha. Nafasi ya sentensi moja zaidi ipo, inayotaja shule gani, zahanati gani na nyumba ngapi kisiwani zitaunganishwa, kwa kasi gani, na nani atalipia matengenezo kwa miaka mingapi.

Sentensi hiyo haitaandikwa na mtu aliyeko Dar es Salaam kwa kukumbuka tu. Sheria ya Serikali za Mitaa inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo pa kuuliza ushuru wa huduma unaotokana na gesi umefanya nini, ombi la kata kwa UCSAF liko wapi, na nani amepewa jukumu la intaneti kwenye mkataba ujao. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, yenye jina la ofisi na tarehe, kisha mkutano unaofuata uanze kwa kusoma ukurasa huo.